Neno Nililolimeza Dirishani

Kwa Mzee Garama wa Dzombo,
Tezo,
S.L.P. Kilifi.

11 Juni, 1988.

Mpendwa mdogo wangu Kazungu,

Nakusalimu kwa salamu zote zilizobaki hapa nyumbani, ambazo siku hizi si nyingi. U mzima? Kifua kinaendeleaje? Usingizi unapata? Chakula kinapita? Nijibu moja moja, usiniandikie "sijambo" halafu ukageuza ukurasa kama ulivyozoea. Nasikia huko Nakuru baridi ya mwezi huu inaingia mpaka kwenye mifupa. Vaa ile sweta niliyokufumia, hata kama mkono mmoja ni mrefu kuliko mwenzake.

Sisi huku tunapumua. Mama anaamka, anafagia uwanja, anakaa. Masika yamenyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni, na hakuna mwenye moyo wa kuyapalilia. Mimi mwili hauniumi popote. Kinachoniuma hakipimwi hospitalini.

Barua yako niliipokea wiki iliyopita, nikaisomea kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume. Mwandiko wako bado ni wa kuku waliopekua shamba, lakini nilisoma kila neno. Nilipofika pale uliposema wamekupima makohozi huko relini, wamekuta kifua kikuu, na wamekuanzishia vidonge vilevile vya baba, nilikunja karatasi nikaiweka kifuani. Sikulia. Machozi nilikuwa nimeshayamaliza kwa mgonjwa wa kwanza.

Basi nakuandikia kwa ajili ya vidonge hivyo. Baba anakufa, Kazungu. Nimejaribu kuliandika neno hili kwa njia ya upole, nimechana karatasi tatu, na sasa karatasi zimekaribia kuisha. Anakufa, na mkono wangu umo. Nisipokueleza ilivyokuwa, wewe nawe unaweza kuipita njia hiyohiyo ukiwa unacheka.

Ulipoondoka Januari ulimwacha akikohoa, na sote tulisema ni baridi ya alfajiri, maana mgema huamka kabla ya jogoo. Februari akakohoa akiwa juu ya mnazi, na tone la damu likadondoka kwenye ndoo aliyoishika mama chini. Mama aliitazama ile ndoo, akaiweka chini, akaniita. Siku ileile tulimpeleka hospitali.

Walimlaza mwezi mzima. Sindano kila asubuhi, mpaka mzee akawa anakula amesimama na kusema makalio yake yamekuwa ya serikali. Vidonge alipewa na muuguzi mmoja wa bara, msichana anayeitwa Nyakio, mtu mwema, ambaye alikuwa anasimama mbele yake mpaka aone koo limeteremka. Kikohozi kikapungua. Mashavu yakarudi. Nilimwona baba yetu akiomba aongezewe ugali, na nikamshukuru Mungu kwa sauti pale pale wodini.

Siku ya kuruhusiwa tulipanga foleni kwenye dirisha la dawa. Nyakio alinieleza yote polepole, nami nikamtafsiria baba kwa Kigiriama, kwa sababu Kiswahili cha baba unakijua, kinaishia kwenye bei ya nazi. Kwamba kidonge kile chekundu kimebeba dawa mbili ndani yake, ndiyo sababu hakikatwi nusu wala hakigawiwi mtu mwingine hata akikohoa namna gani. Kwamba vyote humezwa pamoja, mara moja kwa siku, asubuhi kabla ya kula, na siku hairukwi, kwa sababu ugonjwa huu ukipumzishwa huamka na nguvu mpya. Kwamba mkojo utakuwa mwekundu, hata jasho na machozi yanaweza kubadilika rangi, asiogope, si damu wala si kichocho. Hayo yote niliyafikisha sawasawa. Nilijiona mtu wa maana, mimi niliyeishia darasa la saba, watu wa foleni wakinisikiliza.

Kisha akauliza, "Na pombe? Mzee hunywa pombe?"

Nikamuuliza baba. Akanijibu bila kufikiri, na kwa sauti ya mtu mwenye haki, "Hata. Mino nanwa uchi bahi."

Wewe na mimi tunajua alichosema. Kwa baba pombe ni kitu cha chupa, au ile chang'aa inayopofusha watu, na hivyo hajavigusa tangu azaliwe. Kinachotoka kwenye mnazi wake ni uchi. Hicho humiminwa chini kwa waliotangulia, hupelekwa kuposa, huwekwa mbele ya wazee kwenye hanga, matangani. Hajawahi kukiita pombe, kama vile mama hajawahi kuuita uji pombe. Aliulizwa anakunywa nini, akasema: nakunywa tembo la mnazi tu. Ndiyo maana ya maneno yake yote.

Lakini Nyakio ni mtu wa Murang'a, na kwake uchi ni kukosa nguo. Akainua kichwa, macho yamemtoka, akaniuliza mzee amesema nini kuhusu uchi. Foleni nzima ikaangua kicheko. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba basi mzee apewe shuka. Watu wakashika mbavu. Baba alisimama katikati yao, hajui kinachochekwa, akatabasamu naye kwa adabu.

Na mtu wa tatu nyuma yetu alikuwa mke wa mchungaji. Mimi ndiye niliyewaambia akina mama wa kanisa, Krismasi iliyopita, kwamba baba ameacha tembo. Niliwaambia ili wasiache kuja nyumbani kwetu kusali. Nilihisi uso unanichoma. Ilikuwa niseme maneno manne tu: anakunywa tembo la mnazi. Nikamwambia Nyakio, "Anasema hanywi."

Akaandika kwenye kadi. Akaendelea kusema kitu kingine, midomo niliiona ikitembea, kidole kikionyesha jicho, lakini kicheko kilikuwa bado hakijatulia na mimi nilikuwa natafuta pa kuuficha uso wangu. Nikaitikia kwa kichwa. Nikachukua vidonge tukaondoka. Hata leo nikifumba macho naona kile kidole.

Nyumbani baba alikuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote. Alichukua kotama yake, kile kisu cha kukatia panda, vikonyo vya mnazi vinavyotoa tembo, akawa anachanja alama moja kwenye kizingiti cha mlango kila alipomeza dawa, asije akakosea. Hakuruka siku. Jirani mmoja alipokuja kumwomba kidonge kimoja tu cha kikohozi cha mkewe, baba alimwambia ampeleke mwanamke hospitali, akampa na nazi mbili za njiani. Unaona? Kila neno nililomfikishia alilishika.

Mwezi wa nne akapanda tena minazi yake, nasi tukamshangilia. Wewe uliyekulia hapa unajua kazi ile. Asubuhi, adhuhuri na jioni anakwea, na kila kibuyu lazima akionje ajue kama kimechacha. Minazi kumi na minne, mara tatu kwa siku. Akishuka jioni anakaa na wenzake na kinachobaki. Kisha jirani mwingine akafariki, na pale hangani baba alikaa siku tatu kama ilivyo heshima.

Na vidonge, Kazungu, alivimeza kwa lile tembo la asubuhi, lile ambalo bado ni tamu. Nyakio alisema vimezwe kabla ya kula. Hakutaja maji, kwa sababu nani angefikiria kutaja maji? Nilimwona kila siku. Nilikuwa ninasimama pale na sufuria mkononi, nikijiambia kwamba tembo la asubuhi ni sukari tu, halijawa kitu bado.

Mwezi wa tano chakula kikamshinda. Akitapika vidonge, alikuwa anameza vingine ili siku isipotee. Akaanza kujikuna. Siku moja mama akaniita uani, akaniuliza mbona macho ya baba yako yamekuwa rangi ya bizari. Mimi mwenye elimu yangu ya dirishani nikamjibu kwamba asiwe na wasiwasi, dawa hii hubadilisha rangi, imeanza kwenye mkojo sasa imepanda machoni. Mama aliniamini. Alimwambia na baba, naye akacheka, akasema kumbe ataiva kama papai.

Siku tisa tulikaa hivyo. Siku tisa, na zahanati iko mwendo wa saa moja kwa miguu. Siku ya kumi hakuweza kusimama, tumbo limejaa, na aliniita kwa jina la shangazi Kanze, ambaye tulimzika mimi nikiwa mtoto.

Tukamrudisha hospitali. Daktari wa huko ni kijana wa Machakos, anaitwa Musembi. Alimfunua kope mara moja tu, akaagiza vidonge visimamishwe vyote. Akaniuliza kama mzee anakunywa pombe, kadi yetu ikiwa mkononi mwake. Mama alikuwa amekaa pembeni yangu. Hapo ndipo ningeweza kujikomboa. Nikasema hanywi. Mara ya pili, Kazungu, na safari hii hakuna aliyecheka, hakukuwa na foleni, hakukuwa na mke wa mchungaji. Nilikuwa nimeshaogopa kile ambacho uongo wa kwanza umefanya, nikaukinga kwa wa pili.

Siku tatu walitafuta sababu. Wakampima hiki, wakampima kile. Nilisikia wakisema labda mwili wake unaikataa dawa yenyewe na hatapewa tena maishani, na bila dawa hiyo kifua hakina matumaini. Siku ya nne nilimfuata Nyakio kwenye chumba cha kufulia mashuka nikamwambia. Nilimwambia kwa sauti: baba anakunywa uchi, na uchi ni tembo la mnazi, na siku ile dirishani alikuambia, ni mimi niliyesema hapana.

Nilitaka anitukane. Ningepona kidogo. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasema taratibu kwamba dawa hizi hupita kwenye ini, na tembo nalo hupita hapohapo, na vikikutana kila siku ini huchoka likafa. Akasema kwamba kama wangejua, wasingemnyima dawa. Wangempima damu mara kwa mara, wangemwambia baba ashushe vibuyu vyake miezi michache. Na jicho likiwa manjano, dawa huachwa siku hiyohiyo na mgonjwa huletwa. "Nilikuonyesha na kidole," akasema. Kisha akaenda kumwita daktari.

Sasa hali ni hii. Kwanza ini lirudi, ndipo waanze kumpa dawa moja moja wakimtazama. Lakini ini halirudi. Na kwa kuwa dawa zimesimama, kikohozi kimerudi, na juzi damu imerudi pia. Daktari Musembi hanitazami usoni akisema nami. Minazi kule nyumbani hakuna anayeigema. Panda zimekauka na vibuyu vinaning'inia na nyuki waliokufa ndani.

Naomba unisikilize sasa, kwa sababu hiki ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Kwanza, usiache vidonge vyako kwa hofu ya barua hii. Si vidonge vinavyomuua baba. Vilimrudishia kifua, nilikiona kikirudi kwa macho yangu. Ukiviacha katikati utakufa kwa kikohozi na mimi nitakuwa nimeua wawili.

Ila urudi kwa hao waliokupa, hata kesho, uwaambie unakunywa nini. Najua unakunywa, usijifanye. Usisubiri wakuulize kuhusu pombe, wala usijibu ndiyo au la. Neno hilo kila kabila lina la kwake. Taja kila kinachopita kooni kwa jina lake, busaa ya siku ya mshahara, bia ya chupa, mnazi ukija likizo, hata dawa ya mitishamba kama kuna mtu amekupa. Wasipolielewa jina, eleza limetengenezwa kwa nini. Wakicheka, ngoja wamalize kucheka, urudie. Na kunywa uache kabisa mpaka kidonge cha mwisho. Meza kwa maji, Kazungu. Maji.

Na ununue kioo, hata kipande. Kila asubuhi vuta kope utazame lile jeupe la jicho. Mkojo mwekundu usikutishe. Jicho la manjano, au chakula kukushinda na kutapika siku mbili mfululizo, nenda siku hiyohiyo, na usimruhusu mtu yeyote akuambie ni rangi ya dawa. Mtu wa kwanza kusema hivyo alikuwa dada yako.

Kwa mama sijasema. Anadhani ni dawa, na huwa anaitazama ile alama ya mwisho kwenye kizingiti na kunung'unika kwamba mzee alikuwa mtiifu mno. Kila anaposema hivyo natoka nje. Nitamwambia, lakini sitaki ayasikie kabla hajapata mtu mwingine wa kumshika. Ukipewa ruhusa kazini, njoo. Njoo na vidonge vyako mfukoni na usiruke hata siku moja njiani. Kabla hujaondoka, waambie wakuandikie barua ya kuonyesha huku.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Binti yangu Kache anakusalimu, anauliza kama treni unaiendesha wewe au unaifagia. Majirani wa hapa Tezo wote wanakusalimu. Nyakio naye, ambaye hamjuani, nilimwambia habari zako, akasema nikusalimu na nikukumbushe kioo.

Baba hakukutumia salamu. Jana mchana alipata fahamu kidogo, akanijua, akaniita kwa jina langu. Daktari na Nyakio walikuwa wamesimama miguuni pake wakisemezana, na daktari akanigeukia akasema niwaite walio mbali. Baba akaniuliza kwa sauti ndogo, wanasema nini. Amezoea hivyo, mimi ndiye mdomo wake mbele ya watu hawa. Nikashindwa kulitafsiri neno la daktari. Nikamwambia, wanasema siku ile dirishani ulisema kweli.

Alinitazama kwa yale macho. Hakuwa na hasira, alishangaa tu, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo liko wazi.

"Mbona nilikwambia," akasema. Kisha akageukia ukutani.

Mungu akulinde wewe uliyebaki, akupe pumzi ndefu, na akupe ulimi usioona haya.

Ni mimi dada yako akupendaye, anayekuomba umjibu upesi,

Kahonzi Garama